Picha ya ubao mwembamba inasumbua ukutani? Anza na dalili ndo utajua pa kushika

Hapa naongelea vitu vyembamba vya mbao vya kutundika: picha za tingatinga za kuchora kwenye hadibodi (ule ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa), aya na majina yaliyokatwa kwa leza kwenye plaiwudi au MDF (ubao wa unga wa mbao na gundi), zile ramani za Afrika, paneli za kuchonga za mninga na mkongo, yaani chochote chenye unene wa kama milimita 3 mpaka sentimita 1 hivi. Malalamiko ni yale yale kila siku, imedondoka, imejikunja, imeinama mbele, imepasuka, na karibu kila mtu anaanza kulaumu ukuta au msumari. Mi naona mara nyingi shida iko kwa ubao wenyewe, umetundikwa bila mgongo, yaani fremu ya vibao inayofungwa nyuma ya picha. Hadibodi ya milimita 3 haishiki skrubu hata ufanyeje, skrubu haina pa kung'ata, sasa uzito wote unaning'inia kwenye kitu ambacho hakijashikilia chochote. Kwahiyo usishangae kwenye dalili nyingi hapa chini nikirudi kwenye mgongo tena na tena.

Kabla hujagusa drili fanya vitu vitatu. Geuza picha uone nyuma kuna nini. Pima uzito, kama huna mzani mdogo nenda nayo hata dukani kwa mpemba akupimie (hadibodi ya milimita 3 yenye sentimita 60 kwa 60 ni kama kilo moja, plaiwudi ya saizi hiyo hiyo ni nusu kilo na kitu, ila mpingo usiubahatishe, ule ni mti unaozama kwenye maji, kipaneli kidogo tu kinakuwa na kilo zake). Alafu gonga ukuta kwa kidole: ukilia mzito ni tofali, ukilia wazi kama debe ni jipsamu au plasta iliyoachana na tofali, na hizo mbili hazitibiwi sawa.

Imebandikwa kwa teipu ya pande mbili, imedondoka usiku

Hii ndo inaongoza, hasa kwa hizi aya na majina ya leza.

Sababu ya kwanza kabisa ni vumbi la rangi. Paka kiganja ukutani, kikitoka cheupe basi teipu yako haikushika ukuta, imeshika unga. Kuta za chokaa na zile rangi za maji za bei ya chini zote ziko hivo, na hapo hata ununue teipu ya gharama gani itadondoka tu. Ukishaona kiganja cheupe achana na teipu, nenda kwenye msumari au skrubu.

Kama kiganja kimetoka safi angalia teipu imebaki wapi. Imebaki ukutani? Basi nyuma ya ubao ndo hakukushika. Hadibodi ina upande mmoja laini na mwingine una vialama kama wavu, na fundi wengi wanachora upande laini, kwahiyo nyuma unabaki ule wa wavu ambao teipu inagusa vile vinundu tu na chini yake ni hewa. MDF na plaiwudi mbichi nazo zina vumbi la msasa. Dawa yake: piga msasa laini pale pa kubandika, futa vumbi, paka vanishi mkono mmoja au miwili, iache ikauke kabisa, ndo ubandike. Ukuta wenyewe ufute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo (sio kitambaa cha mafuta wala sabuni, vinaacha utelezi), bandika, kandamiza kwa nguvu kama nusu dakika kila kipande.

Sababu ya tatu ni joto. Ukuta unaopigwa na jua la mchana Dar, Tanga au Mombasa unapata moto mpaka gundi ya teipu inalainika, picha inateremka polepole alafu usiku mnasikia puu. Ile gundi ya kuyeyusha kwa bunduki nayo ni hivo hivo, nzuri kwa kazi za shule, kwa ukuta wa jua hapana.

Ya mwisho ni eneo dogo la kushika. Maandishi ya leza yana vimikono vyembamba, ukibandika vipande viwili tu katikati ncha zinaanza kuinuka, zikiinuka zinavuta na katikati. Weka vipande vidogo vingi mpaka kwenye ncha. Na juu ya kilo moja mi sitegemei teipu hata paketi iseme nini, manake namba ya paketi inaongelea ukuta laini safi usio na unyevu, sio ukuta wangu wala wako.

Ukitaka kutoa kilichobandikwa usikivute kuja kwako, utaondoka na rangi au utavunja ubao. Pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake, shika ncha mbili, sukuma na kuvuta kama unakata kwa msumeno.

Msumari au skrubu inalegea, plasta inamwagika

Mara nyingi msumari umeishia kwenye plasta. Plasta yetu ni kama sentimita moja na nusu mpaka mbili, na ukiwa na kimsumari cha inchi moja hesabu mwenyewe kimebaki kiasi gani ndani ya tofali. Kitoe. Ukikaa kwenye ukuta wa tofali za sementi na picha haizidi kilo moja, misumari ya zege miwili inatosha, sio mmoja wa katikati, pigilia ikiwa imeinamia chini kidogo ndani, yaani kichwa kiwe juu. Kuanzia hapo kwenda juu toboa kwa drili, biti ya zege ya milimita 6, weka plagi ya plastiki na skrubu. Tundu liende kama sentimita 4 mpaka 5 ili plagi yote ivuke plasta ikae kwenye tofali, zungushia teipu kwenye biti kuweka alama ya mwisho.

Plagi inazunguka na skrubu? Angalia kwanza vumbi, ndani ya tundu kumebaki unga na plagi imekaa juu ya unga. Puliza kwa mrija ukiwa umefumba macho au vaa miwani. Bado inazunguka, basi tundu limepanuka, ama biti ilikuwa inayumba au umewasha mtindo wa nyundo wa drili (ule wa kugonga huku inazunguka) kwenye ukuta laini. Matofali ya kuchoma na kuta za zamani anza kutoboa bila nyundo, washa nyundo ukiona imegoma tu. Tundu lililopanuka usijaze vijiti vya kiberiti kama mnavyofanya, hama sentimita 5 pembeni au panda plagi kubwa, milimita 8.

Ukuta wa jipsamu ni habari nyingine. Plagi ya kawaida pale inachomoka na kipande cha bodi, unahitaji zile plagi zinazofunguka nyuma, au utafute nguzo ya chuma au mbao iliyo nyuma ya bodi, sumaku ndogo ikitembezwa ukutani inakamata kwenye vichwa vya skrubu, hapo ndo nguzo ilipo.

Simama hapa kama unataka kutoboa juu au chini ya swichi, soketi au taa ya ukutani. Nyaya kwenye nyumba zetu zinapita kwenye mabomba ya plastiki yaliyofukiwa ndani ya plasta, na kwa kawaida zinashuka wima kutoka juu ya dari mpaka kwenye swichi, kwahiyo ule mstari wote ni hatari. Pia upande wa pili wa ukuta wa bafu au jiko kuna mabomba ya maji. Ikitokea cheche, biti imekwama au taa zimezima, achia drili, nenda kazime meni swichi, usiing'oe ile biti mwenyewe, ita fundi umeme. Maji yakichuruzika funga koki kuu alafu fundi bomba. Na kama ulikogonga plasta inalia wazi eneo kubwa, usitundike kitu pale, ile plasta inataka kubanduliwa na kupigwa upya.

Nyumba za mawe, Mji Mkongwe, Lamu na ndugu zake

Nimeitenga kwasababu ushauri wa juu ukiutumia huku utaharibu. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, laini, hazina mpangilio, ukipigilia msumari unaweza kukutana na chokaa tupu au jiwe gumu, na ile mitetemo inaachanisha plasta ya chokaa sehemu ambayo hata hujaigusa. Drili bila nyundo, biti ndogo kwanza, tundu refu kuliko kawaida, na ukiziba tundu ziba kwa chokaa na mchanga, sementi ni ngumu mno kwa ukuta huo na inafungia unyevu ndani. Angalia kwanza kama kuna tundu la zamani au kigingi cha mbao ulitumie hicho hicho. Nyumba ikiwa na zidaka (zile nafasi kama vishubaka ndani ya ukuta) mi ningesimamisha paneli ndani ya kidaka nikamaliza kazi bila tundu hata moja. Na kama sio nyumba yako, au ni jengo lililo kwenye eneo la hifadhi (Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000, Lamu 2001), ulizia ruhusa kabla ya kutoboa, na plasta ikianza kuanguka mapande mapande ita fundi anayejua chokaa, sio fundi ujenzi yeyote.

Imeinama mbele, au kila asubuhi iko kombo

Kuinama mbele ni hesabu ya pa kufunga tu. Vishikio vikiwa katikati ya ubao au chini yake, kichwa kinakuja mbele. Vipandishe vikae kwenye theluthi ya juu, na chini nyuma ya kona bandika vipande viwili vya kitambaa kizito au mpira vya unene ule ule wa kishikio cha juu. Vinafanya kazi mbili, picha inasimama wima na hewa inapita nyuma, hiyo hewa utaikumbuka kwenye dalili inayofuata.

Kwenda kombo ni msumari mmoja. Mlango ukipigwa, lori likipita, feni ikiwaka, picha nyepesi ya mbao inacheza, haina uzito wa kujituliza. Weka misumari miwili, iachane kama nusu ya upana wa picha, pima kwa pima maji na sio kwa jicho wala kwa dari, dari nyingi zenyewe haziko sawa. Njia rahisi ya kupata matundu: weka gazeti nyuma ya picha, toboa pale vishikio vilipo, bandika gazeti ukutani, toboa juu ya gazeti, kazi imeisha.

Ubao umejikunja

Hii ndo inayoumiza watu, hasa wenye tingatinga. Tangu Edward Saidi Tingatinga aanze kuzichora Dar mwaka 1968 zilikuwa juu ya vipande vya mraba vya hadibodi na rangi ya mafuta, kitambaa kimekuja baadaye, kwahiyo zile za kizamani za kwenu nyumbani uwezekano mkubwa ni ubao, na ubao unajikunja. Kabla hujatibu angalia umejikunja kwenda wapi, hapo ndo siri yote.

Kona zimekuja mbele, katikati imeingia ukutani: nyuma kumekula unyevu. Mbele kumefungwa na rangi ya mafuta, nyuma ni wazi, masika ikifika nyuma kunavimba na mbele hakuvimbi, ubao hauna jinsi zaidi ya kukunja. Jua likipiga mbele mchana kutwa linaleta umbo hilo hilo, mbele kunakauka na kusinyaa. Gusa ukuta nyuma ya picha asubuhi, ukiwa wa baridi na unyevu unyevu jibu unalo.

Tumbo limetoka mbele, pembeni zimerudi nyuma: hapo laumu waya. Watu wanafunga waya nyuma na kuukaza mpaka unalia, wanadhani ndo imara. Ni kinyume. Waya ukilegea kiasi cha kuinuka kama nyuzi 30 kutoka mlalo, kila upande unavutwa kwa nguvu sawa na uzito wa picha yenyewe. Ukiukaza ukabaki nyuzi 10 tu, kila upande unavutwa kwa karibu mara tatu ya uzito, yaani picha ya kilo 2 inavuta kama kilo 6 kila upande, na nguvu hiyo inabana ubao kutoka pembeni kwenda katikati. Hadibodi haivumilii. Legeza waya, au bora uutoe kabisa uweke vishikio viwili na misumari miwili.

Kuunyoosha: ushushe, laza uso chini juu ya kitambaa safi kikavu, chumba chenye hewa na kivuli, kwanza bila uzito siku kadhaa nyuma kukauke, alafu juu yake weka bapa la ubao na vitabu au ndoo ya maji uache tena. Usiuanike juani, usipige pasi, na usiulazimishe kwa goti, rangi ya mafuta ya zamani inapasuka vipande vidogo na hiyo hairudi. Ukishanyooka paka nyuma vanishi mikono miwili, mpaka kwenye kingo, ndo uujengee mgongo.

Mgongo wenyewe ni huu. Chukua vibao vya unene kama sentimita 1 na nusu, tengeneza mraba mdogo kuliko picha, kila upande uingie ndani kama sentimita 5 ili usionekane, picha kubwa weka na msalaba wa katikati. Gundi ya mbao inataka kuona mbao, haishiki juu ya vanishi, kwahiyo pale vibao vitakapokaa kwangua kwa msasa kwanza au paka vanishi baada ya kugundisha. Weka uzito juu usiku kucha. Kuanzia hapo vishikio vyote vinafungwa kwenye mgongo, sio kwenye picha, na hakikisha skrubu ni fupi kuliko mgongo isije ikachungulia usoni.

Kama picha ni kubwa, kibao cha juu cha mgongo kipasue kwa urefu kwa mkato wa nyuzi 45. Nusu moja gundisha kwenye picha ncha kali ikiangalia chini na ikiwa upande wa ukuta, nusu nyingine funga ukutani kwa skrubu ncha ikiangalia juu na ikiwa mbali na ukuta, picha unaishusha tu inajifunga. Uzito unagawanyika urefu wote, na unaweza kuisogeza kushoto kulia. Seremala yeyote mwenye msumeno wa meza anakukatia dakika chache.

Picha ikiwa ni ya kizamani na rangi imeanza kuinuka kama magamba, usipake kitu, usikandamize kitu, usigundishe mgongo. Hapo ni kazi ya watu wa makumbusho wanaojua kutunza michoro.

Imepasuka

Ikipasuka wakati wa kutoboa: ulitoboa karibu na ukingo, au ulipigilia msumari moja kwa moja. Rudi ndani angalau sentimita 2, weka kipande cha ubao wa kutupa chini yake, bandika teipu ya karatasi juu, anza na biti ndogo ya mbao, drili iende polepole.

Ikipasuka yenyewe baada ya miezi, na ni paneli ya mbao halisi sio plaiwudi, basi mmeifunga ikashindwa kupumua. Mbao halisi inatanuka na kusinyaa kwa upana wake, karibu haibadiliki kwa urefu. Umenunua Zanzibar ukaipeleka Dodoma, au umemtumia ndugu Ujerumani ambako baridi ikiingia wanawasha joto ndani na hewa inakuwa kavu kabisa, ubao unataka kusinyaa na wewe umeubana skrubu kushoto na kulia, utapasuka kufuata nyuzi za mbao. Kwahiyo ule mgongo wa gundi niliousifia hapo juu ni wa hadibodi, plaiwudi na MDF. Kwa mbao halisi usigundishe kibao kinachokata nyuzi. Kifunge kwa skrubu, tundu la katikati liwe la kawaida, matundu ya pembeni yatanuliwe yawe marefu kidogo kufuata upana wa paneli ili skrubu iteleze, na usiikaze mpaka mwisho.

Ufa mdogo: ingiza gundi ya mbao kwa kijiti, bana kwa teipu, futa iliyozidi. Ufa uliovuka paneli nzima, au paneli nzito iliyo juu ya kitanda au anapokaa mtoto, ishushe leo, mpelekee seremala.

Madoa, kutu, ukungu nyuma yake

Pwani msumari wa kawaida unashika kutu haraka, kutu inateremka ukutani na kwenye ubao. Tumia skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu, gharama ni ndogo. Ukungu ni ukosefu wa hewa, weka vile vipande vya mpira vya nyuma, sentimita moja ya nafasi inatosha. Ila rangi ikiwa imevimba na kuna unga mweupe wa chumvi ukutani, maji yanaingia kutoka mahali, bomba au paa au chini ya msingi, tafuta fundi wa hilo kwanza.

Unga chini ya picha

Unga mwembamba kama wa ngano na vitundu vidogo kwenye ubao: umebunguliwa. Zoa, weka alama kwa kalamu kwenye matundu yaliyopo, rudi baada ya wiki mbili, unga ukiwa mpya wadudu bado wako ndani. Itenge na mbao nyingine, funga kwenye mfuko wa plastiki, na kama ni plaiwudi ya kawaida mi ningeitupa tu. Kitu cha thamani kipeleke kwa wapuliza dawa, usimimine mafuta taa, yanaingia mpaka upande wa rangi.

Njia za udongo ukutani ni mchwa, na huyo yuko nyumbani sio kwenye picha tu. Usibomoe njia zake zote, acha sehemu fundi wa dawa aone anakotokea, alafu kagua fremu za milango na kenchi (mbao za kubeba paa) juu ya hapo picha ilipokuwa.